Shing'weng'we, Bagika na Bagalu: Masimulizi na Umoja wa Watu wa Usukuma

Bujora ni kilima chenye majabali makubwa katika eneo la Kisesa, wilayani Magu, kilometa 20 hivi mashariki mwa jiji la Mwanza, karibu na barabara kuu iendayo Musoma. Wageni wengi hukifahamu kwa sababu ya Makumbusho ya Wasukuma, ambayo yalifunguliwa mwaka 1968 na ambayo yamehifadhi ngoma na viti vya watawala wa zamani, zana za wafua chuma, vifaa vya waganga na mavazi ya wachezaji ngoma. Kwa mtu anayechunguza historia ya masimulizi, hata hivyo, umuhimu wa Bujora hauishii kwenye vifaa hivyo, kwa kuwa hapo yamekutanishwa masimulizi ambayo kwa nyakati mbalimbali yaliwagawa watu wa kusini mwa Ziwa Viktoria na yale yaliyowaunganisha, na ukiyatazama kwa makini unakuta kwamba mara nyingi ni yale yale. Neno masimulizi linatumika hapa kwa maana pana: ngano walizosimuliwa watoto usiku, mapokeo ya koo kuhusu asili yao, nyimbo za kujibizana uwanjani, na hata uvumi uliopita mlango kwa mlango. Makala haya yanashikilia kwamba maudhui ya simulizi hayakutosha kuamua kama litajenga au litabomoa. Kilichoamua zaidi ni mahali lilipotolewa, mbele ya nani, na kama aliyesemwa ndani yake alikuwa na nafasi ya kujibu.

Ngano inayojulikana kuliko zote katika Usukuma ni ile ya Shing'weng'we. Kwa vizazi vingi wavulana waliisikia katika shikome, yaani mahali pa moto uliokokwa uani, ambapo wazee wa kiume waliketi na vijana jioni ili kuota moto, kupanga kazi za kesho, kutatua magomvi madogo ya nyumbani na kusimulia ya kale, ilhali wasichana walisimuliwa na bibi zao. Inasemekana kwamba zimwi hilo lilimeza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao, akanusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la makapi. Mwanamke huyo akajifungua mtoto wa kiume na kumpa jina la Masala Kulangwa, ambalo kwa Kisukuma humsifu mtu mwenye akili ya kung'amua mambo upesi. Mtoto alipokua kidogo alimuuliza mama yake watu wengine wako wapi, na mama akamweleza kuwa wote wamo tumboni mwa Shing'weng'we, nao wawili ndio waliobaki.

Sehemu inayofuata ndiyo inayowafurahisha watoto zaidi, na ndiyo yenye fundisho zito kuliko nyingine, ingawa wafafanuzi wengi huipita haraka. Masala Kulangwa anakwenda kumtafuta adui ambaye hajawahi kumwona, anamkamata panzi, anamleta kwa mama na kumuuliza kama huyo ndiye aliyewameza watu. Mama anamwambia siye. Anarudi na ndege, jibu ni lile lile. Anarudi na swala, na jibu halibadiliki. Kijana ana nguvu na ana hasira ya haki, ila hajui uso wa adui, na anayemzuia asiwaangamize wasio na hatia kwa jina la adui ni yule mwanamke aliyeshuhudia maafa kwa macho yake. Swali linaulizwa waziwazi na linajibiwa waziwazi, kila mara, kabla ya vita. Hatimaye anakutana na Shing'weng'we mwenyewe, anamuua, anampasua tumbo, na watu wote wanatoka wakiwa hai pamoja na ng'ombe wao.

Lakini ngano haikuishia hapo, na jambo hili linastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika kulipasua tumbo la zimwi, kisu cha Masala Kulangwa kinamkata kwa bahati mbaya bibi kizee mmoja sikio. Bibi anakasirika, anamtukana mkombozi wake na kutaka kumroga. Watu wanamlinda kijana, dawa inapatikana, bibi anatibiwa sikio lake, na baada ya hapo ndipo Masala Kulangwa anapokalishwa kwenye kiti cha utawala na mama yake kupewa heshima ya mama wa mtawala. Hadithi hii inayowakusanya watu wote kutoka tumbo moja inabeba ndani yake tuhuma ya kale dhidi ya wanawake wazee, kwamba kikongwe aliyeudhika ni mtu wa kuogopwa. Na papo hapo inabeba jawabu la tuhuma hiyo, kwa sababu kosa alilotendewa bibi ni la kweli, halifichwi, na linatibiwa kabla utawala mpya haujaanza. Msimuliaji aliyekatiza hadithi kwenye hasira ya bibi aliwaachia wasikilizaji hofu, na aliyeifikisha kwenye dawa aliwaachia jambo jingine kabisa.

Ngano za zimwi linalomeza jamii nzima hazipatikani Usukuma peke yake. Wasotho wa kusini mwa Afrika wana Kholumolumo na kijana aliyewakomboa watu kutoka tumboni mwake, na katika pwani ya Waswahili Edward Steere alichapisha mwaka 1870, katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja, simulizi ya Sultani Majinuni na nunda mla watu. Hata hivyo katika hadithi ya nunda adui anaanza akiwa paka wa nyumbani mwa sultani aliyeachwa afanye atakavyo, kwa hiyo lawama inaelekezwa kwa mtawala asiyesikia malalamiko ya raia, ilhali Shing'weng'we wa Usukuma hatokani na nyumba ya mtu yeyote. Kutokuwa na kwao huko ndiko kulikolifanya zimwi hilo lifae kwa kila maafa: msimuliaji angeweza kuwafanya wasikilizaji waione ndani yake njaa, au sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliofagia mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, au utawala wa kigeni, pasipo kumtaja jirani hata mmoja kuwa ndiye mwenye kosa.

Aina ya pili ya masimulizi ni mapokeo ya utemi. Kabla ya ukoloni Usukuma haikuwa dola moja. Ilikuwa mkusanyiko wa nchi ndogo nyingi, kila moja ikiwa na mtemi wake, yaani mtawala aliyeshikilia mvua, ardhi na hukumu. Mapokeo ya nchi hizo nyingi hukubaliana katika jambo moja, kwamba ukoo wa kitemi ulitoka nje, na wa Babinza, ambao walitawala katika nchi kadhaa, husimuliwa kuwa walitoka magharibi mwa ziwa. Mtu aliyezoea historia ya ushindi na mabavu angetarajia kwamba simulizi la mgeni kuja kutawala lingekuwa chanzo cha chuki ya kudumu kati ya wenyeji na wageni. Haikuwa hivyo Usukuma, kwa sababu wazee waliieleza asili hiyo kama hoja ya usuluhishi: koo za wenyeji zilikuwa zikigombana, na mgeni asiye na upande alifaa kuamua kesi zao kuliko mtu wa ukoo wowote uliokuwamo katika ugomvi. Zaidi ya hayo, mtemi hakujisimika. Alichaguliwa na kusimikwa na wazee wa ikulu waliojulikana kama banang'oma, katika nchi nyingi urithi ulipita upande wa mama, na mtemi ambaye mvua ilimkatalia aliweza kuondolewa. Ugeni wake ulisimuliwa kwa namna iliyomkumbusha kwamba yupo kwa ridhaa ya waliomtangulia.

Simulizi la namna hiyo hiyo lilipoingia katika mikono mingine lilifanya kazi kinyume chake, na ajabu ya historia ni kwamba njia yake ilipita Mwanza. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka vilima vya Mwanza, akalipa jina la malkia wake, na baada ya safari ya pili iliyompeleka Karagwe na Buganda alichapisha mwaka 1863 kitabu ambamo alidai kwamba watawala wa falme za maziwa, wakiwemo Wahima na Watutsi, walikuwa watu wa asili nyingine waliotoka upande wa Ethiopia na kuwashinda Waafrika aliowaona kuwa duni kwao. Nadharia hiyo, iliyokuja kuitwa ya Wahamiti, ilichukua mapokeo ya ujio wa watawala, ambayo wenyeji waliyatumia kuelezea mapatano na mipaka ya madaraka, na kuyageuza kuwa sayansi ya uongo kuhusu rangi na damu. Wajerumani na Wabelgiji waliitumia kupanga nani aende shule na nani atawale katika Rwanda na Burundi, na utawala wa Kibelgiji ukaiandika katika vitambulisho vya Wanyarwanda katika miaka ya 1930.

Matokeo yake yalirudi ziwani. Kufikia mwaka 1994 wanasiasa, redio na magazeti ya wenye siasa kali nchini Rwanda walikuwa wamewaambia watu kwamba Watutsi ni wageni ambao wangestahili kurudishwa Ethiopia kwa njia ya mto, na katika miezi ya mauaji ya kimbari Mto Kagera ulibeba maelfu ya miili hadi Ziwa Viktoria, ambako watu wa mwambao waliiopoa na kuizika, na wengi wakaogopa kula samaki. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani mwezi Desemba 2003 wanahabari na waanzilishi watatu wa vyombo hivyo, na hukumu hiyo ni miongoni mwa chache duniani zilizochunguza kwa undani namna maneno yanavyotayarisha mauaji. Redio ile ilifika kila kilima, na katika miezi ile Mtutsi hakuwa na mahali ambapo angeweza kusimama akajibu na kusikilizwa na watu wale wale walioisikiliza. Tofauti ya masimulizi ya redio na mapokeo ya utemi haikuwa katika habari ya ugeni, kwa maana yote mawili yalisema mtawala alitoka mbali.

Kati ya masimulizi yote ya Usukuma, hata hivyo, yanayoeleza vizuri zaidi namna mgawanyiko unavyoweza kubebwa bila kumwaga damu ni yale ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vikubwa vya ngoma ambavyo wenyeji husema vilianzia katikati ya karne ya 19. Inasimuliwa kwamba waganga wawili wenye sifa, Ngika na Gumha, walishindana nani kati yao ana dawa yenye nguvu zaidi ya kuvutia watu kwenye ngoma, na wafuasi wa kila mmoja wakawa chama: wa Ngika wakaitwa Bagika na wa Gumha wakaitwa Bagalu. Chama hakikufungwa na ukoo wala na mpaka wa nchi ya mtemi fulani, kwa kuwa mtu aliingia kwa kufundwa na kupewa dawa na mwalimu wake, naye mwalimu alikuwa amepewa na aliyemtangulia, hadi kumfikia mmoja wa wale wawili wa mwanzo. Ndiyo maana watu wa kijiji kimoja, waliozika pamoja na kulimiana mashamba, waliweza kuwa pande mbili zinazopingana uwanjani, huku Mgika wa Mwanza akimwona Mgika wa Maswa ambaye hajawahi kumwona kuwa ndugu.

Namna ya kushindana inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa humo ndimo ulimo ustadi wa taasisi hii. Msimu wa mbina, jina ambalo Wasukuma huiita ngoma na shangwe zake, huja baada ya mavuno, mvua zikiwa zimekatika na ghala zikiwa na kitu. Vikundi viwili hupewa uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na huanza kucheza kwa wakati mmoja, bila kupokezana. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu na karatasi. Mwamuzi ni umati wenyewe, ambao huhama kutoka duara moja kwenda jingine kadiri unavyovutwa, na mwisho wake kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila kiongozi wa ngoma hutafuta kitu kitakachowageuza watu shingo: wako waliozoea kucheza na nyoka, wakiwemo chatu wakubwa wanaozungushwa shingoni, wako waliochonga vinyago vya miti vyenye viungo vinavyocheza, na wako wanaorusha majembe angani na kuyadaka kwa mdundo. Nyuma ya yote hayo huwapo dawa ya kuvutia umati, na katika fikra za wachezaji ushindi huwa ni ushahidi wa dawa kama ulivyo ushahidi wa mazoezi.

Silaha kali kuliko zote ni wimbo. Mtunzi wa kundi, aitwaye ningi, hutunga maneno ya kuwasema wapinzani: uvivu wao, uchoyo wao, mashamba yao yenye magugu, aibu zao za nyumbani, na kushindwa kwao mwaka uliopita. Ni kashfa zinazouma, na katika mazingira mengine zingetosha kuwafanya watu wavunjane mbavu. Uwanjani, hata hivyo, kashfa inatamkwa mbele ya anayekashifiwa na mbele ya majirani wote wanaojua ukweli wake, na ningi wa upande wa pili yuko hatua chache tu, tayari kwa jibu ambalo litasikika kabla jua halijatua. Mwongo huaibika pale pale, maana umati unaocheka ndio unaohama. Jioni watu hurudi kwenye kijiji kile kile, na baada ya miezi michache, mvua zikianza, vijana wa vikundi vya kulimiana huingia shambani wakiimba nyimbo walizozifanyia mazoezi kwa ajili ya mashindano yajayo, ili ekari ya mwenye shamba ilimwe kwa siku moja.

Wamisionari wengi wa mwanzo waliziona ngoma hizi kuwa upagani na wakawakataza waumini wao kuzicheza, jambo lililoanzisha mgawanyiko mpya, wa wasomi wa dini upande mmoja na wachezaji upande mwingine, ambao haukuwa na uwanja wa kukutania. Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliyefahamika kwa jina la Kisukuma la Fumbuka, alifuata njia nyingine alipokuwa Bujora kuanzia miaka ya 1950. Pamoja na wazee wenyeji walioshirikiana naye katika kamati ya utafiti, alikusanya nyimbo, ngano, majina ya dawa na mapokeo ya watemi, akajenga kanisa la duara lililofuata nyumba ya mtemi, lenye altare yenye umbo la kiti cha utawala, na akaifanya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo mwezi Juni kuwa sherehe iitwayo Bulabo, yaani sikukuu ya maua, ambamo maandamano ya Ekaristi hufuatiwa na mashindano ya Bagika na Bagalu. Katika mafundisho ya Bujora Masala Kulangwa alifananishwa na Kristo na mama yake na Bikira Maria, ufafanuzi ambao mapadri Joseph Healey na Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll waliueneza katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu teolojia ya masimulizi ya Kiafrika.

Ni halali kuuliza kama kanisa halikujitwalia mali isiyokuwa yake, na swali hilo linahitaji jibu la haki. Ni kweli kwamba ngano iliyokuwa wazi kwa tafsiri yoyote ilipewa tafsiri moja rasmi, na kwamba mashindano yaliyokuwa ya msimu wa mavuno yalipewa tarehe ya kalenda ya Kilatini. Hata hivyo Clement hakuwaambia Bagika na Bagalu waache kushindana ili wawe wamoja. Aliuacha upinzani wao kama ulivyo, akaupa uwanja ambao Mkristo na asiye Mkristo wangeweza kuingia bila kuulizwa cheti cha ubatizo, na kwa hatua hiyo aliziba ufa ambao mahubiri yalikuwa yameufungua.

Miaka hiyo ya 1950 ilikuwa migumu Usukuma. Serikali ya Waingereza ililazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko na kupunguza mifugo, ikaunganisha watemi katika shirikisho lenye makao Malya tangu mwaka 1946, na tangu mwaka 1954 ikakataa kusajili matawi ya TANU, chama kilichodai uhuru, katika Jimbo la Ziwa hadi mwaka 1958, mwaka ambao ghasia zilitokea Geita. Siasa ilipofungiwa mlango ilipita kwenye vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ambavyo chini ya Paul Bomani viliungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, na ilipita pia katika nyimbo, kwa kuwa ofisa angeweza kuzuia mkutano bali si rahisi kuzuia watu wanaolima huku wakiimba. Baada ya uhuru, utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na ngoma na viti vilivyokuwa alama za mamlaka zilizotengana viliwekwa Bujora katika banda lenye umbo la kiti cha mtemi, ambako vinakaa chini ya paa moja kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Kufutwa kwa utemi kuliondoa jambo jingine ambalo halikuonekana upesi, nalo ni baraza ambamo tuhuma za uchawi zilisikilizwa hadharani. Hukumu za zamani hazikuwa za upole, na wapo waliofukuzwa nchini mwao au kuuawa kwa ushahidi ambao leo hauwezi kukubaliwa. Lakini mtuhumiwa alisimama mbele ya watu, alitajiwa mshitaki wake, na ndugu zake waliweza kumtetea. Sheria ya uchawi ya kikoloni ya mwaka 1928 ilikuwa tayari imeyapunguzia mabaraza uwezo huo kwa kuifanya tuhuma yenyewe kuwa kosa, na hofu iliyokuwa ikisemwa barazani ikarudi ndani ya nyumba. Kisha Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ikawahamisha Wasukuma, waliozoea kukaa kaya moja mbali na nyingine, na kuwapanga kwa mistari na majirani wasiowachagua. Mtafiti Simeon Mesaki, aliyeyachunguza mambo haya kwa muda mrefu, ameonyesha kwamba msongamano huo wa watu wasioaminiana ulichochea tuhuma kuongezeka.

Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na takriban theluthi mbili ya mauaji hayo yalitokea Usukuma. Njia ya uvumi ilikuwa karibu ile ile kila mara: mtoto anakufa, ng'ombe wanakufa, mzazi anakwenda usiku kwa mpiga ramli, mpiga ramli anamwonyesha kikongwe mwenye macho mekundu, na siku chache baadaye watu wenye mapanga wanagonga mlango. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi. Misitu ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, kuni zikawa adimu, na wanawake wakawa wanapika kwa samadi iliyokauka katika vibanda visivyo na dirisha. Kila mtu kijijini alijua jambo hilo, na laiti tuhuma ingetamkwa mchana mbele ya watu, mwanamke mwingine yeyote mwenye jiko lake angeweza kulisema.

Jeshi la jadi la sungusungu, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Kahama na Shinyanga wakati wizi wa ng'ombe kwa bunduki ulipozidi baada ya vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, lilirudisha kwa kiasi fulani mkutano wa hadhara, likampa kiongozi wake jina la mtemi, na kuwakusanya watu wa koo na dini zote kwa upinde na mishale. Wizi ulipungua, na serikali ililitambua kisheria mwaka 1989. Lakini katika siku za mwanzo baadhi ya makundi hayo yaliwageukia wanawake waliotuhumiwa kwa uchawi, kwa hiyo umoja uliopatikana dhidi ya mwizi ulitumika kumwinda bibi wa jirani. Kuanzia mwaka 2007 hivi uvumi wa aina mpya, kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri katika uvuvi na machimbo ya dhahabu, ulileta mauaji mengine katika mikoa ya ziwa, nao pia ulipita njia ile ile ya mazungumzo ya faragha kati ya mganga na mteja.

Wanawake wazee waliouawa ndio waliokuwa wakiwasimulia wajukuu habari za Shing'weng'we, na ndio walioijua sehemu ya mwisho ya ngano, pale bibi anapotibiwa sikio kabla ya mtawala kukalishwa kitini. Makumbusho ya Bujora yameitendea haki historia ya watemi, ya wafua chuma, ya waganga na ya vyama vya ngoma. Historia ya mauaji ya vikongwe nayo inastahili kupewa nafasi kamili juu ya kilima hicho, karibu na banda la Bagika na Bagalu, ikiwa na miaka yake na idadi ya waliouawa kama zilivyoandikwa na serikali, na isimuliwe kwa wanafunzi wanaofika hapo kila mwaka na watu wazima wanaofurika mwezi Juni kwa ajili ya Bulabo.